Vipepeo Ndani ya Kochi la Mwalimu Mkuu

Shangazi yangu hawezi kupita kando ya kichaka bila kusimama. Ni fundi cherehani, kwa hiyo ungetegemea asimame mbele ya maduka ya vitambaa kama wenzake. Wapi! Yeye husimama mbele ya majani ya ovyo yaliyoota kwenye ufa wa ukuta, akainama, akapindua jani na kulichungulia kwa chini kama askari wa mpakani anayekagua hati ya kusafiria. Ukimuuliza anatafuta nini, anakujibu kwa kifupi: "Mayai." Wasiomjua hudhani kuku wake wametoroka.

Hana kuku. Mayai anayoyatafuta ni ya vipepeo, madogo kama punje ya chumvi, na ugonjwa huu aliupatia kazini. Mteja alileta pazia la kupunguza urefu, na ndani ya mkunjo wake kulikuwa na kipepeo mkavu, rangi ya chungwa lililoiva, pindo nyeusi zenye vitone vyeupe. Shangazi aliliweka bawa moja kwenye karatasi, akazunguka nalo maduka yote ya nyuzi akitafuta uzi wa rangi ileile.

"Rangi hiyo haipo, mama," muuzaji wa mwisho alimwambia.

"Haipo vipi na nimeishika mkononi?"

Uzi hakuupata. Lakini tayari alikuwa ameshaanza kuuliza kipepeo yule anakaa wapi, na shangazi akianza kuuliza, ni afadhali umjibu mapema ukalale. Akauliza, akasoma, akasumbua watu, mpaka akaelewa jambo moja ambalo tangu hapo analieleza kila mtu, awe amekuja kupimwa suruali au amepotea njia tu. Kipepeo mkubwa anaweza kunywa kwenye ua lolote, kama mgeni anavyokunywa chai nyumba yoyote. Mtoto wake, yule kiwavi, hana uhuru huo. Yeye amezaliwa na mlo mmoja. Ukimnyima jani lake, atakufa njaa katikati ya bustani nzima.

Na jani la huyu wa rangi ya chungwa ni mmea ambao mtaani kwetu tunauita maziwa ya mbwa, kwa sababu ukiuvunja unatoa utomvu mweupe mzito. Jina hilo peke yake linakuonyesha tulivyokuwa tukiuheshimu. Kila aliyekuwa na jembe aliung'oa. Ulikuwa umebaki sehemu moja tu, kwenye mteremko nyuma ya stoo ya mbao, ambako hata mwenye jembe huona uvivu kupanda.

Basi shangazi akaamua kukusanya mbegu. Ukisikia hivyo unadhani ni kazi ya kupita na kuchuma. Jaribu! Maganda ya maziwa ya mbwa ukiyafungua mapema, mbegu ni nyeupe, hazina maana yoyote. Ukichelewa, ganda limepasuka lenyewe na kila mbegu imeondoka na upepo, imeshikilia kishungi chake cha nyuzi laini kama mtu aliyeshika mwavuli. Katikati ya mapema na kuchelewa kuna siku ambayo hakuna anayeijua. Shangazi akalitatua kifundi. Alichukua mabaki ya vyandarua na mapazia ya wavu, akashona vifuko vidogo vyenye kamba ya kuvuta mdomoni, akayavisha maganda moja moja. Ganda likipasuka, lipasuke. Mbegu zinabaki ndani ya kifuko. Mteremko mzima ukameremeta kwa shela nyeupe. Ungesema magugu yanafungishwa ndoa ya pamoja.

Hakuyavisha yote. Mengine aliyaachia upepo, maana alisema na mteremko wenyewe unadai mbegu zake. Ila mteremko haukupata nafasi ya kudai. Siku chache baada ya kukusanya vifuko vyake, tingatinga lilikuja kusawazisha pale pajengwe ghala. Tulikuta udongo mwekundu uliochanwa, na dereva wa tingatinga akila ndizi.

Shangazi hakulia. Alirudi nyumbani, akafungua magunia mawili yaliyojaa vishungi na mbegu, akatumbukiza mkono ndani mpaka kwenye kiwiko, akasema, "Sasa yote yaliyobaki yako humu."

Pa kupanda alikuwa amepata. Daktari mkuu wa zahanati yetu alikuwa na kipande kirefu cha ardhi tupu mbele ya chumba cha watoto, mahali ambapo akina mama hukaa foleni wakitazama ukuta. Alimpa, kwa sharti moja.

"Mama, panda unachotaka," alimwambia. "Lakini mvua ikitangulia kabla yako, naweka matofali. Siwezi kupokea watoto kwenye tope."

Sharti la haki. Na matofali yenyewe yalikuwa yameshapangwa langoni, yakingoja.

Sasa nikutembeze nyumbani, maana uharibifu ulifanyikia humo. Chumba cha mbele ndicho karakana. Upande wa dirisha, kwenye mwanga, ni kwa shangazi: cherehani, pasi, na rundo la sare za shule, kwa sababu shule zilikuwa karibu kufunguliwa na kila mzazi alikuwa amekumbuka jana. Upande wa mlango ni kwa mume wake, fundi wa makochi, ambaye mtaa mzima unamwita Springi na mimi namwita mjomba kwa heshima. Mjomba hufanya kazi na misumari midogo mdomoni, anaitoa mmoja mmoja kwa ulimi na kuigonga. Mazungumzo naye yanategemea idadi ya misumari. Na shangazi anadai kwamba kila swali gumu likikaribia, misumari huongezeka.

Nyuma ya mlango ndipo mjomba huweka sufi, ile pamba laini ya mti wa msufi ya kujazia mito. Ndipo palipo pakavu kuliko kote nyumbani. Na kwa kuwa ndipo pakavu, shangazi aliweka magunia yake palepale, akingoja amalize sare ndipo atenge mbegu na vishungi. Unaona tunakoelekea.

Asubuhi moja tulikuwa tunakunywa chai, mawingu yamejaa dirishani, mjomba mdomo wake mtupu na moyo wake mweupe.

"Mama watoto," alisema, "sufi ya safari hii si mchezo. Inang'aa! Laini kama nywele za kichanga. Mpaka nimempigia yule muuzaji simu kumpongeza."

"Akasemaje?"

"Akasema yeye siku zote ni mtu wa ubora."

Shangazi alicheka. Kisha kicheko kikaishia njiani. "Lakini yule mtu hajaleta mzigo mwezi huu."

"Hajaleta? Si ile ya nyuma ya mlango?"

Shangazi aliinuka, akaenda nyuma ya mlango, akarudi na magunia mawili yaliyolegea kama soksi. Mjomba mkono wake ukaanza kutambaa kuelekea kwenye kopo la misumari.

"Weka chini," shangazi alisema. "Leo utanijibu kwa mdomo mtupu. Umejazia nini?"

"Mito."

"Mito ya nani?"

Mjomba akanitazama kama vile mimi ningemjibia. "Ya Mwalimu Mkuu."

Nilicheka. Haukuwa wakati wake, na kisahani kilinipita karibu na sikio.

Mwalimu Mkuu ni mama aliyestaafu, ila habari hizo hazijaifikia sauti yake. Kwenye mtaa wake hata walevi huchomekea shati. Seti yake ya makochi ilikuwa imerudishwa kwa mjomba tena na tena kwa sababu mito ilikuwa migumu. "Nimekaa kwenye viti vya mbao maisha yangu yote ya kazi," alisema kila mara. "Sasa nataka kukaa." Safari ya mwisho haikurudi seti, yalirudi maneno: "Barabara kabisa." Mjomba aliyatembeza maneno hayo mtaani wiki nzima kama mtoto aliyepata kiatu kipya.

"Nipe wiki moja," mjomba alimsihi. "Nitafute namna."

Shangazi alionyesha dirisha. Mawingu yalikuwa meusi mpaka tumboni. "Iulize mvua kama itakupa."

"Basi twende tukaseme ni huduma ya bure. Tunafumua, tunabadilisha kimyakimya, tunashona."

"Mwalimu Mkuu? Kimyakimya?"

"Ukimwambia nimemjazia magugu, mimi nimekwisha! Nani ataniletea kochi tena? Wataniita Springi Magugu mpaka kaburini."

Shangazi alitaka kujibu, akamwangalia mume wake. Nilimwona akipima, kama anavyopima kitambaa kisichotosha: akivuta huku, kule kunapungua. Upande mmoja mbegu zote zilizobaki, upande mwingine jina la mwanamume ambaye hana kingine cha kujivunia zaidi ya mikono yake. Alichukua mkasi, sindano na uzi, akasema, "Twende. Magugu sitayataja."

Kwa Mwalimu Mkuu sebule ilikuwa imepangwa kama ofisi ya kuitiwa wazazi. Feni ya dari ilikuwa ikizunguka polepole. Yeye mwenyewe alikuwa amezama kwenye kochi kubwa, kwa raha ambayo sikuwahi kuiona usoni mwake.

"Karibuni. Kijana, futa miguu. Vizuri. Mmekuja na mkasi, nani anakatwa?"

"Shikamoo, mwalimu," mjomba alianza. "Tumepita tu kukagua mishono. Huduma ya bure kwa wateja wetu maalumu."

"Marahaba. Tangu lini?"

"Tangu... leo."

Mwalimu Mkuu alimgeukia shangazi. "Mama, wewe huwa husemi uongo. Mnataka nini kwenye mito yangu?"

Na ni kweli, shangazi hasemi uongo, ndiyo maana hajui kuusema. Uongo ni kazi ya mazoezi kama kazi nyingine. Alishika mto mmoja, akaubonyeza, nikajua anazisikia mbegu zake kwa vidole. Akasema kitu cha kwanza kilichomjia mtu wa cherehani.

"Tumesahau sindano ndani."

Mwalimu Mkuu alitoka kwenye kochi lile kwa kasi isiyolingana na umri wake. Alisimama katikati ya sebule akiwa ameshika nyuma ya gauni lake kwa mikono miwili.

"Sindano! Nimekalia sindano? Springi! Hii ndiyo kazi yako?"

Hapo mjomba alibadilika rangi. Angeweza kuvumilia mengi, lakini hilo hapana.

"Mwalimu, hakuna sindano!" alipiga kelele. "Tangu nishike nyundo sijasahau hata msumari kwenye kazi ya mtu! Ndani ya mito hiyo hakuna sindano, kuna magugu!"

Alijisikia mwenyewe alichosema, akafumba macho.

"Magugu," Mwalimu Mkuu alirudia.

"Maziwa ya mbwa," mjomba alisema kwa sauti ya mtu anayesoma hukumu yake. "Nilidhani ni sufi. Ni mbegu za mke wangu, za vipepeo. Mteremko umesawazishwa, hazipo tena popote. Ziko humo tu. Yeye alitaka kunifichia aibu. Usimlaumu."

Shangazi alikuwa anamtazama kwa jicho ambalo watu waliooana zamani hulitumia mara chache, kwa kuogopa kulichakaza.

Mwalimu Mkuu aliachia gauni. Alikaa tena, taratibu, akajaribu upande huu, akajaribu upande ule. "Kwa hiyo ulaini wote huu ni magugu."

"Ndiyo, mwalimu."

"Na mmekuja kunitolea haya, mnirudishie yale mawe."

"Tutatafuta sufi nzuri..."

"Hapana."

"Mwalimu," shangazi alisema, akapiga magoti mbele ya kochi ili waonane macho kwa macho, "ulaini ubaki wako. Ulaini ni vishungi. Mimi nataka mbegu tu, hizi zinazokwaruza. Mvua ikinyesha kabla sijapanda, dokta ataweka matofali, na mtaa huu hautamwona tena yule kipepeo."

"Kwani zinakwaruza?" Mwalimu Mkuu alijipapasa paja. "Nilikuwa nadhani ni uzee. Fungua mmoja, nione."

Shangazi akafumua mshono wa mto mmoja. Hakuna kati yetu aliyekumbuka feni.

Kishungi cha kwanza kilipanda juu kwa adabu. Cha pili kikakifuata. Halafu mto wote ukakumbuka kwamba umezaliwa kuruka. Kufumba na kufumbua sebule ikawa nyeupe. Nyuzi zilikuwa kwenye pazia, kwenye saa ya ukutani, kwenye picha za wahitimu. Mjomba aliota ndevu za mzee wa miaka mia.

"Zima feni!" Mwalimu Mkuu alinguruma. "Kijana! Feni!"

Nilirukia swichi. Ilikuwa ile ya kuzungusha, nami nikaizungusha upande wa kuongeza.

"Upande mwingine! Unasomea nini wewe?"

"Ameishia katikati, mwalimu," shangazi alisema huku akikimbiza kishungi hewani.

"Anaonekana! Funga dirisha! Asitoke mtu, isitoke mbegu!"

Feni ilipokata roho, tulisimama bila kusogea, tukipumua kwa pua tu, huku vishungi vikitua. Kimoja kilishuka mbele ya miwani ya Mwalimu Mkuu, mbegu yake ya kahawia ikining'inia chini, bapa, ndogo kama kucha ya mtoto. Aliikinga kwa kiganja. Akaitazama kwa muda mrefu. Akaipuliza kidogo, ikainuka, akaikinga tena.

"Hivi," alisema, kwa sauti ambayo nina hakika hakuna mwanafunzi wake aliyewahi kuisikia, "kumbe mnakuwa na raha hii na hamsemi."

Kisha akajikumbuka. "Sasa mtazitenganishaje? Moja moja? Nitakufa mnanihesabia."

Ni mjomba aliyepata jibu, labda kwa sababu alikuwa na deni la aibu. Alikimbia karakana akarudi na ndoo iliyotobolewa kitako, akaweka wavu wa waya pale kitakoni, akaleta na springi chakavu za makochi. Tukahamia barazani, nyuma ya ukuta usiopitisha upepo. Ndani ya ndoo unaweka vishungi na springi, unafunika, unatikisa juu ya beseni. Springi zinaruka na kuzipiga mbegu mpaka zinaachia. Mbegu nzito zinapenya kwenye waya, nyuzi zinabaki juu. Kelele yake ni kama sufuria zinazogombana. Majirani walitoka wakidhani Mwalimu Mkuu anahama.

Yeye alikaa mlangoni kwenye fremu tupu ya kochi lake na kusimamia. "Tikisa, usibembeleze! Springi, fundisha huyo kijana kutikisa. Mama, beseni limejaa, usilimwage!"

Jioni mito ilikuwa imejazwa upya na kushonwa. Mwalimu Mkuu akakaa, akainuka, akakaa.

"Imezidi ya jana," alitangaza. "Na nikisikia mtu anakuita Springi Magugu, mlete hapa."

Shangazi alipanda usiku haujaingia, sisi tukichora mifereji yeye akinyunyiza na kufunika kwa udongo mwembamba. Akazungusha waya kuzuia watoto, maana maziwa yale si ya kuonjwa. Mvua ilitukuta tunaosha mikono kwenye bomba la zahanati.

Halafu ikaja sehemu mbaya: kungoja. Mbegu zile zilikuwa zimekaliwa na Mwalimu Mkuu, jambo ambalo watu wazima wengi wasingelihimili, kisha zikapigwa na springi. Shangazi alipita pale kila asubuhi akarudi na uso uleule. Daktari alianza kuyatazama matofali. Mjomba alikosa raha hata akawa anafanya kazi mdomo mtupu. Hadi asubuhi moja shangazi alirudi anatembea haraka, viatu vimejaa tope, akasimama mlangoni. Alinyoosha vidole viwili, akivitenganisha kidogo, kama majani mawili ya mche. Mjomba aliacha nyundo katikati ya pigo.

Hazikuota mbegu zote. Lakini zilizoota ziliota kwa hasira, na mvua ilipokaribia kukatika kipande kile kilikuwa kijani kibichi, mpaka akina mama wakageuza mabenchi wakaupa ukuta kisogo. Matofali yalienda kujenga njia ya gari la wagonjwa.

Juzi tuliitwa kwa simu. Dokta alikuwa anahema. "Mama, njoo upesi. Wadudu wanamaliza maua yako! Nilete dawa ya kupulizia?"

"Usiguse kitu!" shangazi alipiga kelele, tayari yuko mlangoni na chaki ya kushonea nyuma ya sikio.

Tulimkuta kwenye korido, foleni nzima ikimtazama. Alikuwa amesimama kama mti, mkono mmoja ameunyoosha mbele, uso umekunjamana kama mtu anayechomwa sindano. Juu ya mkono wa koti lake jeupe alikuwa anatembea kiwavi mnene, mwenye milia myeupe, myeusi na ya njano, akiinua kichwa huku na huku kutafuta chakula.

"Nilikuwa nachungulia tu," dokta alinong'ona. "Akanipanda."

"Wamefika," shangazi alisema. Machozi yalikuwa yanamtoka na alikuwa anacheka. "Usitikisike, dokta. Hataki kukuuma, wewe si chakula chake."

Akaenda nje, akarudi na jani moja bichi linalovuja maziwa, akaliweka polepole mbele ya kiwavi, pale kwenye kifundo cha mkono. Kiwavi alisimama, akalinusa, akapanda. Foleni nzima ilinyamaza kumsikiliza akitafuna.